Ukuaji wa Soko la Vihisi vya Vipimo Vitatu na Changamoto Zake: Mifano ya Kinect, Simu za Mkononi na Lida za Magari

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi soko la teknolojia ya kuhisi vitu kwa vipimo vitatu lilivyokua tangu mwaka 2010 na changamoto zilizolikabili. Ufafanuzi umejengwa juu ya mifano mitatu, ambayo ni kifaa cha michezo cha Kinect, kamera za kutambua uso katika simu za mkononi, na lida zinazofungwa katika magari. Hoja kuu ya makala ni kwamba kuenea kwa matumizi ya vihisi hivi hakukuenda sambamba na faida ya waliovibuni. Kushuka kwa bei ndiko kulikofungua mlango wa soko, na kushuka huko huko ndiko kulikowaangusha baadhi ya waasisi wake. Makala yanamalizia kwa kueleza maana ya jambo hilo kwa vyuo na taasisi za Afrika Mashariki, ambazo kwa kiasi kikubwa ni wanunuzi na watumiaji wa vifaa hivi.

1.0 Utangulizi

Kamera ya kawaida hunasa urefu na upana wa kilicho mbele yake, lakini hainasi umbali. Mtoto aliyesimama mita mbili kutoka kwenye kamera na mnara ulio kilomita moja nyuma yake huonekana wote katika picha moja bapa. Mtazamaji hutambua papo hapo kwamba mmoja yuko karibu na mwingine uko mbali, kwa sababu ana uzoefu wa miaka mingi wa kuishi kati ya watoto na minara. Mashine haina uzoefu huo. Roboti inayotakiwa kushika kikombe, gari linalotakiwa kufunga breki lenyewe, na simu inayotakiwa kutofautisha uso wa mwenyewe na picha ya uso huo, vyote vinahitaji kupewa kipimo cha tatu, yaani kina. Kifaa kinachotoa kipimo hicho ndicho kinachoitwa katika makala haya kihisi cha vipimo vitatu.

Msingi wa teknolojia hii si mpya. Leza ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1960, na mwaka 1971 chombo cha Apollo 15 kilibeba kipimio cha leza kilichopima miinuko ya uso wa Mwezi. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa vifaa vya aina hii vilibaki mikononi mwa wanajeshi, wapima ardhi na watafiti wachache, kwa sababu vilikuwa vikubwa, vizito na vya bei kubwa. Mabadiliko yaliyotokea baada ya mwaka 2010 ni kwamba vihisi hivi viliingia sebuleni, mfukoni na barabarani.

Makala haya yanajibu maswali mawili. Kwanza, ni mambo gani yaliyolikuza soko la vihisi vya vipimo vitatu kwa kasi hiyo? Pili, kwa nini katika soko linalokua hivyo kampuni kadhaa zilizotangulia zilifilisika, ziliuzwa au ziliacha kabisa kutengeneza bidhaa hizo? Kabla ya kuyajibu, ni vyema kueleza kwa ufupi namna vihisi hivi vinavyofanya kazi, kwa kuwa sababu nyingi za kibiashara zimefungamana na uchaguzi wa kiufundi.

2.0 Namna Vihisi vya Vipimo Vitatu Vinavyofanya Kazi

Zipo njia tatu kuu za kupata kina. Njia ya kwanza huiga macho mawili ya binadamu. Kamera mbili huwekwa pembeni kwa pembeni, na kila moja huona kitu kilekile kutoka mahali tofauti kidogo. Kitu kilicho karibu huonekana kuhama zaidi kati ya picha hizo mbili kuliko kitu kilicho mbali, na kwa kukokotoa kiasi cha kuhama huko programu hupata umbali. Njia hii haihitaji leza, hivyo ni ya gharama ndogo. Udhaifu wake ni kwamba hushindwa mbele ya ukuta mweupe usio na alama yoyote, kwa kuwa programu haina cha kulinganisha kati ya picha moja na nyingine.

Njia ya pili hurusha ruwaza ya mwanga. Kifaa hutupa maelfu ya nukta za mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni, juu ya kitu kinachopimwa. Kamera iliyo kando kidogo huzitazama nukta hizo. Juu ya ukuta ulionyooka ruwaza hubaki ilivyo, na juu ya uso wenye pua, mashavu na paji nukta husogea kulingana na mwinuko na mbonyeo. Njia hii hutoa umbo kwa usahihi mkubwa katika umbali mfupi. Jua la mchana ndilo adui yake, kwa sababu nalo limejaa infraredi inayozizidi nguvu nukta hizo.

Njia ya tatu hupima muda wa safari ya mwanga. Kifaa hutoa mpigo mfupi wa mwanga, husubiri mwangwi wake, kisha huhesabu muda uliopita. Mwanga husafiri takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, sawa na sentimita 30 kwa bilioni moja ya sekunde. Kwa kuwa mwanga huenda na kurudi, kosa la bilioni moja ya sekunde katika saa ya kifaa huleta kosa la sentimita 15 katika umbali. Kwa hiyo gharama ya njia hii imekaa zaidi katika saketi za kupima muda na katika vipokezi vyepesi vya kunasa mwangwi hafifu. Lida ni jina la vifaa vya kundi hili vinavyotumia leza kupima umbali mrefu. Mkusanyiko wa nukta zinazopatikana huitwa wingu la nukta, na kila nukta katika wingu hilo ina mahali pake katika vipimo vitatu.

3.0 Ukuaji wa Soko

3.1 Kinect: Kihisi Kinaingia Sebuleni

Novemba 2010 kampuni ya Microsoft ilianza kuuza Kinect, kifaa kilichounganishwa na mashine ya michezo ya Xbox 360 ili mchezaji aendeshe mchezo kwa mwili wake bila kushika chochote. Ndani yake ilikuwamo teknolojia ya ruwaza ya mwanga iliyobuniwa na PrimeSense, kampuni ya Israeli. Bei yake nchini Marekani ilikuwa takribani dola 150, na katika siku 60 za mwanzo viliuzwa vifaa milioni 8. Kasi hiyo iliandikwa katika kumbukumbu za rekodi za Guinness.

Matokeo muhimu zaidi yalitokea nje ya michezo. Maabara za roboti ambazo awali zilihitaji maelfu ya dola kupata kihisi cha kina ziligundua kwamba kifaa cha dukani kinatosha kwa majaribio mengi. Wanafunzi na watafiti waliandika programu huria za kukiunganisha na kompyuta, na katika muda mfupi Kinect ikawa kifaa cha kawaida katika utafiti wa roboti, tiba ya viungo na upimaji wa miili. Hapa ndipo kanuni ya kwanza ya soko hili ilipojidhihirisha: bei ikishuka hadi kiwango cha mtu wa kawaida, hujitokeza matumizi ambayo mtengenezaji hakuyakusudia.

Hata hivyo, soko lililokusudiwa lilidhoofika. Mashine mpya ya Xbox One ya mwaka 2013 iliuzwa pamoja na Kinect kwa dola 499. Mwaka uliofuata Microsoft iliiuza bila Kinect kwa dola 399, ikimwachia mnunuzi hiari. Wachezaji wengi hawakuona kwamba kihisi hicho kina thamani ya dola mia moja za ziada, na mwaka 2017 utengenezaji wake ulikoma. Toleo lililolenga watafiti na viwanda, Azure Kinect, lilianza kuuzwa mwaka 2019 na kusitishwa mwaka 2023. Kifaa kilichopendwa na maabara hakikupata nafasi ya kudumu nyumbani, na maabara peke yake hazikuweza kubeba gharama za kiwanda.

3.2 Simu za Mkononi: Kihisi Kinaingia Mfukoni

Mwaka 2013 Apple iliinunua PrimeSense. Miaka minne baadaye, Novemba 2017, ilianza kuuza iPhone X, simu iliyofunguka kwa kuutambua uso wa mwenyewe. Juu ya kioo chake palikuwa na projekta ndogo inayorusha zaidi ya nukta 30,000 za infraredi. Yale yaliyokuwa ndani ya kifaa kirefu cha kuwekwa juu ya runinga yalikuwa yamepunguzwa yakatosha katika ukingo wa kioo cha simu.

Upungufu huo wa ukubwa uliwezeshwa na leza ndogo mno ambazo hutoa mwanga kupitia uso wa juu wa chipu, na ambazo hutengenezwa kwa wingi juu ya kisahani kimoja cha galiamu na aseniki. Desemba 2017 Apple ilitangaza kuipatia kampuni ya Finisar dola milioni 390 ili iongeze uwezo wa kutengeneza leza hizo, na kiwanda kilichokuwa kimefungwa mjini Sherman, Texas, kikafufuliwa. Mwaka 2020 kampuni hiyo ikaongeza lida ya masafa mafupi katika iPad Pro, kisha katika iPhone 12 Pro.

Washindani walijaribu kufuata, lakini wengi hawakudumu. Google ilianzisha mradi wa Tango mwaka 2014 ili simu zielewe umbo la chumba, na ikaufunga mwaka 2018. Simu yake ya Pixel 4 ya mwaka 2019 ilikuwa na utambuzi wa uso kwa vipimo vitatu, na Pixel 5 ya mwaka uliofuata haikuwa nao. Samsung iliweka vihisi vya muda wa safari ya mwanga katika baadhi ya simu zake za mwaka 2019 na 2020, kisha ikaviondoa katika toleo la Galaxy S21.

Tofauti kati ya waliodumu na walioacha inaeleweka kwa kutazama kazi iliyopewa kihisi. Katika iPhone kihisi kilipewa kazi moja inayofanyika mara nyingi kila siku, nayo ni kufungua simu na kuidhinisha malipo. Mtumiaji hakuhitaji kujua kwamba kipo. Katika simu nyingine nyingi kihisi kilisaidia kupendezesha picha au kuendesha programu zilizotumiwa mara chache, na mtumiaji hakuona hasara kilipoondolewa.

3.3 Lida za Magari: Kihisi Kinaingia Barabarani

Katika mashindano ya magari yasiyo na dereva yaliyoandaliwa na shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, mvumbuzi David Hall wa kampuni ya Velodyne aliona kwamba lida za wakati huo zilikagua mstari mmoja tu wa mazingira. Alibuni kifaa chenye leza 64 kinachozunguka na kuona pande zote. Katika mashindano ya mwaka 2007 yaliyofanyika katika mazingira ya mjini, magari sita yalifika mwisho, na matano kati yake yalitumia kifaa cha Velodyne. Bei yake ilikuwa takribani dola 75,000, mara kadhaa ya bei ya gari la kawaida ambalo kingefungwa juu yake.

Kuanzia hapo swali la soko likawa moja, nalo ni kushuka kwa bei hiyo. Mwaka 2017 Waymo, kampuni dada ya Google, ilieleza kwamba kwa kujitengenezea lida zake ilikuwa imepunguza gharama kwa zaidi ya asilimia 90. Novemba 2024 kampuni ya Hesai ya Shanghai ilitangaza kwamba lida yake mpya ya magari ingeuzwa chini ya dola 200. Kifaa hicho na kile cha mwaka 2007 havilingani kikamilifu, kwa kuwa kipya hutazama mbele pekee na cha zamani kilizunguka. Pamoja na tofauti hiyo, mwelekeo hauna utata. Mwaka 2024 Hesai peke yake ilipeleka kwa wateja zaidi ya lida 500,000.

4.0 Changamoto za Soko

4.1 Bei Inayoshuka na Mtaji Unaokwisha

Kati ya mwaka 2020 na 2022 kampuni nyingi za lida zilijiunga na soko la hisa la Marekani kwa njia ya mkato. Ziliungana na kampuni zisizo na biashara yoyote zilizokuwa tayari zimeorodheshwa, na kwa njia hiyo zilipata mtaji bila kupitia hatua zote za kawaida za kuuza hisa kwa umma. Miongoni mwake zilikuwamo Velodyne, Luminar, Aeva, Ouster, Innoviz, AEye na Quanergy. Wawekezaji walinunua matarajio kwamba magari yasiyo na dereva yangejaa barabarani katika miaka michache.

Matarajio hayo yalichelewa. Kampuni za magari huchukua miaka kadhaa kupitisha kifaa kipya, kwa kuwa lazima kijaribiwe katika joto, baridi, mtikisiko na vumbi kabla ya kufungwa katika gari litakalouzwa. Wakati wote huo kampuni ya lida hulipa wahandisi na viwanda bila mapato ya kutosha. Mwaka 2022 kampuni ya Ibeo ya Hamburg, miongoni mwa waasisi wa fani hii, ilitangaza kushindwa kulipa madeni yake, na Desemba mwaka huohuo Quanergy ilifuata, miezi michache tu baada ya kuingia katika soko la hisa. Februari 2023 Velodyne, iliyolianzisha soko la lida za magari, ilimezwa katika muungano na Ouster na jina lake likabaki la bidhaa. Desemba 2025 Luminar iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, baada ya uhusiano wake na Volvo, mteja wake mkuu, kuvunjika.

Uchaguzi wa kiufundi nao ulichangia ugumu huo. Lida nyingi hutumia mwanga wa nanomita 905, ambao hunaswa na vipokezi vya silikoni vya bei nafuu. Mwanga huo hupenya hadi nyuma ya jicho, kwa hiyo viwango vya usalama huuwekea mpaka wa nguvu, na mpaka huo hupunguza umbali unaoweza kupimwa. Luminar ilichagua nanomita 1,550. Mwanga wa urefu huo hufyonzwa na majimaji ya mbele ya jicho kabla ya kufika nyuma, hivyo waweza kuongezwa nguvu na kuona mbali zaidi. Lakini silikoni haiuoni, na vipokezi vinavyouona ni vya gharama kubwa. Uamuzi uliokuwa sahihi kwa kipimo cha umbali uligeuka mzigo katika soko lililoamuliwa na bei.

Kampuni za Kichina, hasa Hesai na RoboSense, zilikuwa na nafasi tofauti. Zilikuwa karibu na watengenezaji wengi wa magari ya umeme waliokuwa wakishindana kuongeza vifaa vipya kila mwaka. Oda kubwa zilishusha gharama ya kila kifaa, na gharama ndogo ikaleta oda nyingine. Mzunguko huo ndio uliokosekana kwa waasisi wa Marekani na Ulaya.

4.2 Mipaka ya Mazingira na Ubishi wa Umuhimu

Vihisi hivi vina mipaka ambayo tangazo la biashara halipendi kuitaja. Kioo na maji hupitisha au huelekeza mwanga kwingine, hivyo dirisha safi laweza kuonekana kana kwamba halipo. Vitu vyeusi hufyonza mwanga na kurudisha mwangwi hafifu. Ukungu, mvua na vumbi hurudisha mwangwi wa uongo. Mnunuzi aliyeona kifaa kikifanya kazi vizuri ndani ya chumba cha maonyesho aweza kukikuta kimepofuka katika jua la mchana.

Aidha, wapo wanaopinga haja yenyewe. Mwaka 2019 Elon Musk wa Tesla aliikosoa vikali lida, na magari ya kampuni yake hutegemea kamera na programu. Waymo, kwa upande wake, hubeba abiria katika miji kama Phoenix na San Francisco kwa magari yasiyo na dereva yenye lida, rada na kamera kwa pamoja. Kwa watengenezaji wa lida ubishi huu una uzito wa kibiashara, kwa sababu kila hatua ya maendeleo katika programu za kamera hupunguza idadi ya kazi zinazohitaji kihisi cha ziada.

4.3 Malighafi na Siasa

Leza za simu hutengenezwa kwa galiamu, na sehemu kubwa kabisa ya galiamu duniani husafishwa China. Agosti 2023 China iliweka masharti ya vibali vya kuuza nje galiamu na jerimani. Desemba 2024 ilipiga marufuku kuziuza Marekani, na Novemba 2025 marufuku hiyo ikasitishwa kwa muda. Kwa upande mwingine, Januari 2024 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliiweka Hesai katika orodha ya kampuni inazoziona kuwa na uhusiano na jeshi la China, madai ambayo Hesai iliyakana na kuyapeleka mahakamani. Mnunuzi wa nchi ya tatu hukuta kwamba upatikanaji wa vipuri na programu zake umetegemea mvutano ambao hana sauti ndani yake.

4.4 Faragha ya Mwili

Kihisi kinachopima uso hutunza kumbukumbu ya mwili. Nywila iliyoibwa hubadilishwa, ilhali uso haubadilishwi. Swali la msingi kwa hiyo ni mahali kumbukumbu hiyo inapokaa. Apple ilichagua kuihifadhi ndani ya simu yenyewe bila kuituma katika seva zake, na uamuzi huo ulisaidia kujenga imani ya watumiaji. Mahali ambapo imani hiyo haikujengwa, soko lilifungwa na sheria. Agosti 2023 Serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli za Worldcoin, mradi uliopiga picha mboni za macho ya watu kwa kifaa maalumu na kuwapa sarafu ya kidijitali, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamuru data zilizokusanywa zifutwe. Kifaa hicho kilihusu mboni kuliko umbo, lakini funzo linavihusu vihisi vyote vya mwili: ridhaa iliyopatikana kwa chambo cha fedha yaweza kubatilishwa mahakamani.

5.0 Maana Yake kwa Afrika Mashariki

Teknolojia hii haiko mbali na pwani yetu. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umeyapima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na kuacha kumbukumbu ya kuta, matao na mihirabu kwa vipimo vitatu. Magofu hayo yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na kutoka mwaka 2004 hadi 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mawimbi ya bahari yakila ukuta, vipimo vyake vitabaki kwa ajili ya ukarabati na elimu.

Visiwani Zanzibar, mradi wa upigaji ramani ulioanza mwaka 2016 ulifuata njia nyingine. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha za kawaida zinazopishana kidogo juu ya Unguja na Pemba, na programu ikakokotoa miinuko kutokana na tofauti za picha hizo, kwa kanuni ileile ya macho mawili. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki katika kazi hiyo. Kwa ramani ya mji na mashamba, kamera ilitosha. Kwa tao la msikiti lenye nakshi na kivuli, leza ilikuwa na nafasi yake. Mifano hii miwili inaonyesha kwamba kazi inayokusudiwa ndiyo ipaswayo kuongoza uchaguzi wa kifaa.

Kutokana na uchambuzi uliotangulia, taasisi inayopanga kununua vihisi hivi ina mambo matatu ya kuzingatia. Jambo la kwanza ni uhai wa mtengenezaji. Maabara iliyojenga mafunzo yake yote juu ya Azure Kinect au Tango ilibaki na vifaa vizima visivyo na toleo jipya wala msaada wa kiufundi. Katika soko ambalo hata mwasisi wake amemezwa, mkataba wa ununuzi hauna budi kutaja vipuri, muda wa huduma na haki ya kutumia programu huria.

Jambo la pili ni umiliki na muundo wa data. Kifaa cha leo kitachakaa baada ya miaka michache, ilhali wingu la nukta la jengo la kale linatakiwa lisomeke baada ya miaka hamsini. Data ikihifadhiwa katika miundo ya wazi kama LAS na E57, itaweza kufunguliwa kwa programu nyingi. Ikihifadhiwa katika muundo wa siri wa kampuni moja, itazikwa pamoja na kampuni hiyo.

Jambo la tatu ni sheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Shule, hospitali au kiwanda kinachotaka kutambua watu kwa nyuso zao kinapaswa kueleza sababu, kupata ridhaa na kuweka ukomo wa kuhifadhi kumbukumbu hizo kabla ya kifaa cha kwanza kufungwa ukutani.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba soko la vihisi vya vipimo vitatu lilikua pale bei iliposhuka na kihisi kikapewa kazi inayohitajika kila siku. Kinect ilithibitisha nguvu ya bei ndogo lakini haikupata kazi ya kudumu sebuleni. Simu ilikipa kihisi kazi hiyo, na washindani waliokiweka kama pambo walikiondoa. Lida za magari zilishuka kutoka makumi ya maelfu ya dola hadi mamia, na njiani waasisi kadhaa walianguka kwa sababu mtaji wao uliisha kabla wateja hawajawa tayari.

Idadi ya vifaa vinavyouzwa, kwa hiyo, si kipimo cha kutosha cha afya ya soko hili. Mtengenezaji huitazama bei inayoshuka kwa hofu, na mtumiaji huifurahia, lakini mtumiaji naye hupata hasara mtengenezaji anapotoweka. Kwa vyuo na taasisi za Afrika Mashariki, kushuka kwa bei ni fursa ya kweli ya kupima magofu, misitu, migodi na majengo yetu kwa mikono yetu wenyewe. Fursa hiyo itadumu ikiwa ujuzi utajengwa juu ya kanuni za upimaji na data za wazi, ili kifaa cha kampuni moja kikitoweka sokoni kazi iendelee kwa kifaa cha kampuni nyingine.